Mama ya Robine na nyumba ya tayeri

Mu avenue yetu ya Kamalondo, huku Katanga, tulikuwa tunamwita Mama ya Robine, bakubwa na batoto, hata padri. Robine, bomba ya maji, ilikuwa moja, nyumba zilikuwa mingi, na muntu alipashwa kusimama pale asubuyi kuangalia mulongo ya ndoo. Hakuna mwenye alimulipa. Alisimama miaka na miaka, mikono nyuma, na kikwembe yake ya kijani yenye jua ilishakula rangi. Nikifunga macho, ninamuona vile vile.

Alitaka kitu moja, na alikuwa anaisema bila haya: kufika mbele ya Mungu na roho safi. Kiisha, mu wakati Katanga ilijitenga, neno moja ilitoka mu kinywa yake pale pa robine, neno ya kuchekesha, na ile neno ilimukatia njia. Ninataka kusema namna aliibeba mupaka mwisho. Nitasema pole pole, juu nimechoka, na yeye hakupendaka bantu benye kusema mbio.

Sheria yake ya maji ilikuwa hii. Ndoo ya mwenye kuwa na mugonjwa mu nyumba, mbele. Kiisha mwenye mimba. Kiisha mwenye kufua nguo ya mutoto muchanga. Kiisha bengine, sawa vile balifika. Yeye, wa mwisho. Kuko siku maji ilikatika wakati ndoo yake ilikuwa bado, na alirudia kwake na ndoo mukavu, anatembea muzuri sawa muntu mwenye kutoka misa.

Siku moja muke ya karani alipita mbele ya mulongo na kusukuma ndoo yake chini ya maji.

"Mama, mi ni bibi ya karani."

"Nakuona, mama," Mama ya Robine alimujibu. "Mais maji haikusomaka. Rudia nyuma."

Tulicheka mupaka ule bibi naye alicheka.

Msifikiri alikuwa mutakatifu ya ukutani. Alikuwa anavuta tumbako ya pua, hata mu rozari, na tulijua fumbo ya tatu juu alikuwa anapiga chafya pale pale. Batoto balimuogopa, mwenye kuchezea maji alipata kofi, na mama yake akilalamika, naye alipata maneno. Chumvi alikuwa anaazimisha bantu na vidole mbili, sawa anapima dawa. Mais uongo, jamais, hata siku moja. Mu Kwaresima padri aliuliza bamama ya kikundi kama tulifunga. Tuliangalia chini bote. Yeye alisimama: "Mi nilikula nyama Ijumaa, padri. Nilikuwa na njaa." Ile siku tulimukasirikia, juu alituonyesha bote.

Kuahidi pia hakukuwaka anaahidi. Ukimwambia, "Mama, kesho utakuja?" alijibu, "Miguu ikikubali na Mungu akikubali." Mi nilimuuliza juu ya nini hawezi kusema ndiyo sawa bengine. Aliniambia, "Ndiyo ni kitu ya kubeba. Mi niko na ndoo tayari."

Mimi nilijifunza kusoma mukubwa, mu masomo ya mangaribi ya bamama, kule parokia. Kitinda yangu alikuwa bado ananyonya. Mama ya Robine njo alikuwa anamubeba mu mugongo, anatembea inje, chini ya dirisha ya kalasi, mupaka tunamaliza. Mwaka mzima. Sikumuombaka. Siku ya kwanza alikuja tu na kunitosha mutoto mu mikono: "Enda. Akilia, nitamwambia mama yake eko anatafuta akili, atarudia." Hizi maneno zenye ninaandika leo, yeye njo alizibeba mu mugongo.

Sasa niseme juu ya kuchekana. Yeye alikuwa wa huku, kwabo upande ya Kinsevere, na kwabo kuko bunungwe. Ni ukoo mbili zenye kutukanana bila kukasirika. Ukifiwa, munungwe yako anakuja ku kilio, anasimama mbele ya maiti, anasema, "Mwizi ya sombe amelala leo," na hakuna mwenye kumupiga. Tena yeye njo anakuzikia muntu yako. Matusi yake ni namna ya kusema: niko wa kwenu.

Pa robine hakukuwa na munungwe wa kweli, njo alijichagulia moja: Mama Ngalula, muke ya tayeri, Bakasai, bantu ya kutoka Kasai, jirani ya mulango kwa mulango. Tayeri alikuwa anashona pa baraza tangu asubuyi, na mashine yake tulikuwa tunaisikia mupaka pa robine. Bale bamama mbili bakikutana, sisi tulikuwa tunaacha kuongea.

"Mama Ngalula, uko bado hapa? Treni ya kwenu ilikuita, haukusikia?"

"Nilisikia. Mais nilisema ningojee kwanza nikufundishe kupika bukari ya unga. Yako iko sawa simiti."

"Achia maji benyeji, kichwa kubwa."

"Benyeji gani? Bababu yako balikuwa banachunga panya kule Kinsevere."

Na Mama Ngalula akizaa, nani alikata kitovu? Mama ya Robine. Na Mama ya Robine akifiwa na bwana, nani alilala chini pamoja naye siku zote za kilio? Mama Ngalula. Vile.

Kiisha ile wakati ilifika. Bantu balianza kuuliza, "Wewe ni wa wapi?" hata kwa mwenye balizaliwa naye mu avenue moja. Vijana ya chama yenye ilishika Katanga balianza kupita na marungu, banaangalia milango. Mu redio banasema inchi, inchi, na Bakasai banaitwa bageni. Bamama pa robine balipunguza sauti. Mi mwenyewe nilimwambia Mama ya Robine, "Mama, ile michezo yenu, muiache kidogo." Alinikatalia. "Mama Anyesi, siku tutaacha kuchekana, njo tutakuwa tumekubali ni bita. Mi sikubali." Mu roho nilifikiri anasema kweli. Hata leo sijui nifikiri nini.

Ilikuwa asubuyi mu kiangazi, maji inatoka kamba kamba, mulongo murefu. Vijana tano balisimama upande, banavuta sigara. Mama Ngalula aliweka ndoo yake. Na Mama ya Robine, sawa siku zote, na sauti ya kusikiwa:

"We Mukasai, ile mashine ya bwana yako inalia kuliko bunduki. Anaficha nini chini yake, silaha ya kutuuwa?"

"Anaficha bukari yako," Mama Ngalula alimujibu. "Hakuna silaha nguvu kupita ile."

Tulicheka. Mama Ngalula alicheka kupita bote, mupaka alishika kiuno. Bale vijana habakucheka. Moja aliuliza, "Nyumba gani?" Tuliinamia ndoo zetu. Mais mashine ilikuwa inalia pa baraza, ta-ta-ta-ta, na bo balifuata ile sauti.

Mama ya Robine alibakimbilia nyuma, kikwembe inafunguka. "Bababa, ni bunungwe! Ni kuchekana, muulize bantu bote." Balimusukuma pole, sawa muntu anamusukuma mama yake. Moja alimwambia, "Asante, mama. Wewe njo mutoto wa kweli wa inchi." Bunduki habakuiona. Tayeri balimubeba, balienda naye.

Alirudia kiisha juma mbili. Vidole vya mukono ya kuume vilikuwa vimevunjika, vinne, na viliungana kubaya. Muntu mwenye kushonea avenue yote nguo ya Pasaka hakuweza tena kushika sindano.

Mama ya Robine hakujificha. Kesho yake alikuwa pa robine, pale pale, na kila mwenye kufika alimwambia, "Mi njo nilisema." Tulimufariji sawa vile bantu banafarijiana. "Mama, haikukuwa wewe, ni bale vijana." Alijibu, "Bale batajibu yabo. Mi ninajibu yangu." Alienda kuungama, na padri alimufungua zambi, alimupa rozari ya kusali. Aliisali. Mais siku ya Mungu, wakati wa komunio, alibakia pa benchi, magoti chini, na sisi tulikuwa tunapita kando yake. Ilifika mpaka padri mwenyewe alimuita.

"Mama, mi nilikufungua mu jina ya Mungu. Unabakia nyuma juu ya nini?"

"Ulinifungua, padri, na ninaamini. Mais vidole haikukuwa yako. Nitakuja siku yenye nitakuwa nimeongea na benyewe."

Benyewe balikuwa bamekwenda. Mama Ngalula alibeba batoto, bwana, sufuria na mashine, na balikimbilia kule kambi inje ya muji, kwenye Bakasai balikuwa banajaa chini ya ulinzi ya basoda ya kigeni, bale ya kofia ya bulu. Hakumuaga Mama ya Robine. Nyumba ilibakia wazi.

Na nyumba ya mwenye kukimbia, mu ile wakati, haikumaliza siku mbili. Leo banatosha mulango, kesho manjanja, bati ya juu, kiisha muntu anaingia na batoto yake anasema ni yake. Mama ya Robine alichukua mukeka yake na kwenda kukaa mule. Kwake aliacha mutoto ya ndugu yake na muke yake. Kitanda ya tayeri hakuigusaka. Alilala chini, pa jiko. Kila asubuyi alifagia chumba zote, hata yenye hakuna muntu alikanyaga, alipangusa meza ya kushonea yenye haina mashine, kiisha alienda pa robine.

Vijana balirudia. Mi nilikuwa pale, tulikuwa tunachagua sombe, majani ya muhogo, pa baraza.

"Mama, we ni wa huku, na unalinda nyumba ya adui?"

"Mi njo nilibafukuzisha," alisema, hakuinua macho. "Mi njo ninalinda."

"Tutakutosha humu na nguvu."

"Mutanitosha. Mukuje na bantu ine, mi ni muzito."

Balienda. Mais balirudia kuandika ku ukuta na makaa: MUKASAI. Nilitaka kupangusa. Alinikataza, alisema maji ni ya kunywa. Bamama bengine, nabo baliitwa Bakristu sawa mimi, balianza kumucheka pa robine, banasema amepotea kichwa, banamuweka nyuma kwa nguvu. Kumuweka nyuma! Muntu mwenye alikuwa nyuma maisha yote. Hakuona hata tofauti.

Tulienda ku kambi pamoja, mara moja, na miguu. Alibeba sombe na makasi ya tayeri yenye aliokota chini ya meza. Kambi ilikuwa vumbi na moshi, bantu kupita kipimo, vibanda ya majani na magunia. Mama Ngalula alikuwa anapepea moto. Alituona, hakusimama. Alionyesha jiwe, tuikalie. Tulikaa.

"Mama Ngalula," Mama ya Robine alisema, "nilikuja juu ya neno yangu."

"Ninaijua neno yako. Mi nilicheka nayo. Njo inaniumiza mingi. Bo balikuwa pale banasikia, na mi ninacheka."

"Zambi ni yangu, haiko ya mwenye kucheka. Unisamehe."

Mama Ngalula alipepea moto. Bwana yake alikuwa nyuma, anashika makasi na mukono ya kushoto, anaifungua na kuifunga, sawa mutoto.

"Leo hapana," Mama Ngalula alisema. "Nikisema ndiyo leo, itakuwa ya kinywa. Unataka ya kinywa?"

"Hapana."

"Basi wende muzuri. Njia ni mulefu na miguu yako inavimba."

Kurudia, hakulia. Mi njo nililia. Pa kuingia Kamalondo, aliniambia tu, "Alisema kweli. Ule mama hakunidanganyaka hata siku moja," na alinituma kwangu kupika, juu saa ilikuwa imepita.

Kiisha pale, bamama benye kumuhurumia balianza kumuletea maneno. Moja alikuja mbio: "Mama, nilipita ku kambi, Mama Ngalula alisema amekusamehe kabisa." Mama ya Robine alimuuliza pole, "Alikuwa amevaa nini?" Ule mama alishituka. "Alivaa… kikwembe." "Ya rangi gani?" Ule mama aliangalia kikwembe yake mwenyewe. "Mwanangu," alimwambia, "unanipenda, nimeona. Mais usinitume mbele ya Mungu na kitu ya uongo mu mukono. Kule banafungua mukono."

Baridi ya mwezi wa sita ilimukamata mu kifua. Miguu ilivimba mupaka magoti. Alikataa kurudia kwake. Alibakia chini, pa jiko ya bengine, na mi nilikuwa ninamuletea uji na kumusafisha. Mu ile juma njo tulisikia kambi inaondolewa, bantu banapakizwa, banarudishwa Kasai. Aliniangalia. Hakuniomba. Nilivaa viatu na nilienda.

Nilimupata Mama Ngalula juu ya kamyo, katikati ya mizigo, mutoto mu magoti, mashine imefungwa mu blanketi. Nilishika ubao ya kamyo.

"Mama Ngalula, Mama ya Robine eko anakufa. Nimupelekee neno gani?"

Aliangalia mbele. Kamyo ilikuwa inanguruma.

"Eko bado mu nyumba yangu?"

"Bado."

"Analala ku kitanda yangu?"

"Hapana. Chini, pa jiko."

Dereva alipiga honi. Kamyo ilianza kutembea na mi nilitembea pembeni, nimeshika ubao.

"Mwambie dirisha ya nyuma, ya chumba ya batoto, haifungike muzuri," alisema. "Mvua ikianza itaingia, itaharibisha ukuta. Aweke jiwe."

Nilingojea. Kamyo ilipata mbio, nilipashwa kuachilia. Njo yote alisema.

Mi ni mama ya batoto sita. Bote nilibafundisha basiseme uongo, na mwenye alisema nilimupiga. Na ile njia yote, kutoka ku kambi mupaka Kamalondo, nilikuwa ninatengeneza uongo. Niliupanga muzuri. Nitasema alilia. Nitasema alinishika mukono, alisema, mwambie nimemusamehe, tutaonana kwa Mungu. Hata rangi ya kikwembe nilitayarisha, juu ile nilikuwa nimeiona kweli: manjano, na maua ya bulu. Nilijiambia, ni uongo ya huruma, muntu anakufa, Mungu atafunga macho. Nilikuwa nimechoka vile, vraiment, nilitaka tu kitu moja mu ile mwaka imalizike muzuri.

Alikuwa amekaa, mugongo ku ukuta. Alinisikia ku hatua.

"Ulimuona?"

"Nilimuona."

"Alisema nini?"

Nilifungua kinywa, na uongo ilikuwa tayari ku ulimi. Aliniangalia na yale macho yenye aliangaliaka mulongo ya ndoo. Sikuweza kumulaza na uongo, kitu ya kuazima.

"Mama, hakusema kama anakusamehe."

Alifunga macho. Kifua yake ilikuwa inapanda na kushuka na sauti. Nilifikiri nimemuuwa. Kiisha aliuliza, bila kufungua, "Hakusema kitu ingine?"

"Alisema dirisha ya nyuma, ya chumba ya batoto, haifungike muzuri. Mvua ikianza itaharibisha ukuta. Uweke jiwe."

Alifungua macho.

"Alisema mi njo niweke?"

"Wewe."

"Niinue."

"Mama, lala. Mi nitaiweka."

"Mama Anyesi, niinue."

Nilimuinua. Alikuwa muzito kweli, juu ya maji ya miguu. Tulitoka inje, hatua, kupumuzika, hatua, kupumuzika, kushika ukuta. Nyuma ya nyumba kulikuwa mawe ya jiko ya zamani. Alikataa ile ya kwanza nilimuonyesha, alisema ni muviringo, itatelemuka. Alichagua ingine, bapa. Mi nilibeba, mais alitaka mikono yake ikuwe juu, na vile tuliibeba mbili, mi na uzito, yeye na mikono. Tulisukuma dirisha, tuliegemeza jiwe. Alijaribu na kiganja. Ilitikisika kidogo. Tulitosha, tuliweka tena. Alijaribu. Ilisimama.

Alibakia pale, mukono ku mbao, anatafuta pumuzi.

"Sasa naweza kumwita padri?" nilimuuliza.

"Mwite," alisema. "Nitamuambia hakunisamehe. Nitamuambia na mambo ya jiwe. Aone yeye mwenyewe kama inatosha kwa komunio. Mi nimemaliza kupima."

Padri alikuja mu mangaribi. Balisemezana nini, sijui, nilikuwa inje. Mais nilimuona anatosha hostia, na nilipiga magoti pale pale mu vumbi ya lupango, mbele ya nyumba.

Alikufa kesho yake, saa ya maji, bantu banafoka pa robine juu hakuna mwenye kupanga mulongo. Mi njo nilimuosha.

Mvua ilianza miezi mingi kiisha, siku ya kwanza na nguvu sana, upepo inatoka upande wa nyuma. Nilichukua ufunguo yenye Mama ya Robine aliniachia, juu sasa mi njo nilikuwa ninalinda, nilienda mule mu nyumba ya tayeri, nilipitisha mukono ku ukuta ya chumba ya batoto, juu mupaka chini. Ilikuwa kavu. Niliketi chini kidogo, juu miguu ilikuwa inaniuma, kiisha nilifagia, nilifunga mulango.